Kwa mnaokwenda masomoni Ulaya: mianga ya kaskazini inavyoonekana kwa macho, na namna ya kuitafuta

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora.

Nilisoma Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, kwa miaka miwili, nikarudi nyumbani mwishoni mwa 2024. Tangu nirudi, nikitaja kijiweni pale Mwanga kwamba niliiona mianga ya kaskazini, ule mwanga wa angani usiku ambao wazungu huuita aurora, naombwa picha. Nikitoa picha naulizwa, "Na kwa macho ilikuwa hivihivi?" Jibu lake ni refu, na mwezi huu wadogo zetu kadhaa wanafunga mabegi kwenda huko kwa ufadhili. Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika. Sitaki mtu apoteze majira mazima ya baridi kama nilivyopoteza mimi.

Mwaka wangu wa kwanza nilitafuta kitu ambacho pale hakipatikani. Kichwani nilikuwa na zile picha za mapazia ya kijani juu ya theluji. Picha hizo nyingi hupigwa Tromsø kule Norwe, au Iceland, au kaskazini kabisa ya Finland, nyuzi 65 hadi 70 kaskazini ya ikweta, ambako mianga inapita juu ya utosi. Rostock iko nyuzi 54. Berlin na Warsaw ziko nyuzi 52, London 51 na nusu. Ukiwa nyuzi hizo mambo ni mengine kabisa, na nina hakika kuna usiku niliosimama nikaitazama mianga yenyewe nikaipita, nikidhani ni wingu.

Waliokulia ufukweni watanielewa upesi. Usiku wa giza simama mchangani pale Kibirizi uhesabu taa za wavuvi wa dagaa. Utapata kadhaa. Sasa panda kilimani uhesabu tena: zimeongezeka. Hazikuwashwa wakati unapanda. Zilikuwepo, ila maji yamejipinda na kuzificha, kwa sababu dunia ni duara. Na nyuma ya hizo ziko nyingine ambazo hata kilimani hutaziona moja moja. Hewa ikiwa na unyevu unaona weupe wake tu umetanda juu ya maji, kama kuna mji ng'ambo ile.

Mianga ya kaskazini ukiwa katikati ya Ulaya ndivyo ilivyo. Taa ziko Norwe, wewe uko ufukweni Rostock, na unachokiona ni mwako wake kwa mbali, chini kabisa, upande wa kaskazini.

Kinachowaka kule ni hewa. Jua halitoi mwanga na joto peke yake, linapuliza pia chembe zenye umeme bila kupumzika, ndio huo unaoitwa upepo wa jua, kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde. Sumaku ya dunia inaukinga. Upepo ukiwa mkali, ile sumaku inavutwa na kutikiswa, na elektroni zinaporomoka kuelekea maeneo ya karibu na ncha, zinagonga oksijeni na nitrojeni huko juu, na hewa iliyogongwa inatoa mwanga. Oksijeni iliyo kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi hutoa kijani. Iliyo juu ya kilomita 200 hutoa nyekundu. Atomi ya oksijeni huchukua karibu dakika 2 mpaka itoe ile nyekundu, na kule chini hewa ni nzito, atomi inasukumwa na wenzake kabla haijamaliza kazi. Kwa hiyo nyekundu inapatikana juu tu, kwenye hewa nyembamba.

Sasa rudi kwenye taa za wavuvi. Mwanga ulio kimo cha kilomita 100 unaonekana kwa mtu aliye umbali wa kilomita 1,100 hivi. Ulio kimo cha kilomita 300 unaonekana karibu kilomita 2,000. Yaani kijani kinazama kwanza nyuma ya mgongo wa dunia, na ninyi wa nyuzi 50 mnabakiwa na kichwa cha pazia, ile sehemu nyekundu. Na jicho la mwanadamu gizani halina habari na wekundu hafifu. Seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi. Kwa hiyo unachokiona ni kijivu.

Naomba mkikumbuke hicho. Mara ya kwanza mtaona kijivu.

Mara yangu ilikuwa Jumapili, tarehe 5 Novemba 2023. Nilikuwa Warnemünde, ufukwe wa Rostock, ambao uzuri wake ni kwamba unatazama kaskazini moja kwa moja na mbele yako ni bahari tu. Giza lilikuwa limeshaingia, mwezi bado. Nikaona upinde mpana wa kijivu umelala juu ya maji, kama moshi wa jikoni uliogoma kupanda. Nilitaka kuondoka. Kilichonizuia ni nyota: zilikuwa zinaonekana ndani ya ule moshi, hazijafifia hata kidogo. Wingu halifanyi hivyo. Nikavua kiatu, nikakiweka mchangani, nikaegemeza simu juu yake ielekee kaskazini, nikaweka muda wa sekunde 5, nikaondoa mkono. Simu ilipomaliza, chini ya picha kulikuwa na mstari wa kijani, na juu yake waridi imepanda hadi nusu ya kioo. Nikainua macho. Kijivu kilekile. Lakini sasa nilijua ninatazama nini, na baada ya dakika kumi nikaanza kuona nguzo: mistari iliyosimama wima, mirefu, inahama polepole kutoka kulia kwenda kushoto, mmoja unafifia mwingine unatokea. Mguu mmoja ulikuwa na soksi tu kwenye mchanga wa Novemba na sikuhisi baridi mpaka nilipofika kituo cha treni.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

Binti Ujiji

Maashaallah, kaka. Nimesoma yote. Swali langu: ulijuaje kwamba ni usiku ule? Kuna watu wanatangaza kama hali ya hewa?

Mtoto wa Kibirizi

Wapo, dada. Marekani ina kituo cha utabiri wa hali ya anga za juu kiko Boulder, Colorado, chini ya NOAA, shirika la serikali yao la bahari na hali ya hewa, na kinatoa taarifa bure kwa dunia nzima. Ukiwa Uingereza kuna AuroraWatch UK ya Chuo Kikuu cha Lancaster. Utakutana na namba mbili kila mahali. Kp inapima msukosuko wa sumaku ya dunia kuanzia 0 hadi 9. Halafu kuna daraja za dhoruba, G1 hadi G5, na G5 ndiyo kali kuliko zote. Kwa nyuzi 54 mimi nilikuwa sitoki ndani chini ya Kp 6. Aliye nyuzi 50 asubiri 7. Aliye Scotland anaweza kubahatika hata kwa 5.

Ila Kp ni sawa na kuambiwa "leo Kigoma kuna mvua". Kigoma ipi, saa ngapi? Kwa hilo kuna jambo jingine. Jua likirusha wingu kubwa la chembe, linachukua kati ya siku moja na tatu kufika kwetu, na watabiri wanaona likitoka. Wasichokiona ni sumaku iliyobebwa na hilo wingu imeelekea wapi. Ikielekea kusini, inafungamana na sumaku ya dunia, mlango unafunguka. Ikielekea kaskazini, mlango umefungwa hata wingu liwe kubwa namna gani. Kipimo chake kinaandikwa Bz: ukiona namba iko chini ya sifuri, tuseme hasi 10 au chini zaidi, na imekaa hapo, vaa koti. Namba hiyo inatoka kwenye setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 mbele yetu upande wa jua, kwa hiyo unapata onyo la dakika 15 hadi saa moja tu. Ndiyo maana uwe umeshachagua mahali pa kusimama mapema, mchana.

Kuna usiku utabiri ulisema Kp 7. Nilisimama tangu saa 4 hadi saa 8 usiku. Bz ilikaa juu ya sifuri muda wote. Sikuona chochote, na mbingu ilikuwa safi. Hilo litawatokea, msikate tamaa.

Na saa zote za utabiri zimeandikwa kwa UTC, ile saa moja ya dunia nzima. Hapa nyumbani tuko mbele yake kwa saa 3. Ujerumani na Poland ni saa 1 wakati wa baridi na 2 wakati wa joto.

Mvuvi Katonga

Nimependa hapo kwenye taa. Niongeze la kwetu. Kwenye mtumbwi, taa ikishawashwa, yule wa mbele anayetazama maji na hali ya anga hageuki kuiangalia. Akigeuka mara moja tu, macho yamekufa, hata mtumbwi wa jirani hauoni tena. Tunamkalisha akiipa taa mgongo, na akitaka kitu anaulizia kwa mdomo, mwenzake anampa. Enzi za karabai ilikuwa hivyo na kwa hizi taa za betri ndiyo zaidi, kwa sababu weupe wake unachoma.

Nadhani huko kwenu adui ni simu.

Mtoto wa Kibirizi

Mkuu, umemaliza kila kitu. Adui ni simu. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifunguke sawasawa, na kioo cha simu kinaifuta kazi hiyo kwa sekunde chache. Ufukweni nilikuwa naona watu wanakuja, wanasimama dakika tano, mkononi simu inawaka mpaka mwisho, wanasema "hamna kitu" na kuondoka. Walikuwa na mianga mbele yao.

Kwa hiyo mfanye kama huyo wa mbele kwenye mtumbwi. Punguza mwanga wa kioo hadi mwisho. Kama unahitaji tochi, funika kwa karatasi nyekundu, maana wekundu hauliumizi jicho la usiku sana. Na chagua mahali ambapo taa za mji ziko mgongoni. Hili la mwisho linawaponza wengi: mtu anakaa upande wa kusini wa mji, anatazama kaskazini, na kaskazini yake ni mji wenyewe. Hataona kitu mpaka anazeeka. Aliye Warsaw au Berlin apande treni atoke nje upande wa kaskazini, atafute shamba au ziwa.

Fundi Simu wa Isevya

Habari za Tabora, wakuu. Upande wa kamera naweza kuchangia. Simu nyingi za sasa zina hali ya usiku, hiyo inatosha kuanzia. Ikiwa simu inaruhusu kupanga mwenyewe: muda sekunde 3 hadi 10, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 1600 au 3200, na fokasi iweke mbali kabisa, kwenye alama ya mlima. Ukiiacha ijitafutie fokasi gizani inahangaika na picha inatoka kama imepakwa mafuta. Zima flashi. Tumia kihesabu cha sekunde 3 kabla ya kupiga, ili kidole chako kisitikise simu. Na beba betri ya akiba ukiiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi inamaliza chaji haraka.

Mkuu, swali: wewe ulisema picha ilitoka na rangi na jicho halikuona. Je, picha inadanganya?

Mtoto wa Kibirizi

Ahsante sana, fundi. Hapana, haidanganyi. Rangi ipo kweli angani. Kamera inakusanya mwanga kwa sekunde 5 na kuujumlisha, jicho haliwezi kukusanya hivyo. Ni kama kukinga maji ya paa kwa ndoo na kwa kiganja. Mvua ni ileile.

Ninachokataa ni mtu kuiweka picha bila kusema, mgeni akafika huko akitarajia kuona ndoo kwa macho yake. Picha itumieni kama chombo cha kupimia: ukiona kijivu chochote chenye mashaka kaskazini, piga moja. Ikitoka kijani au waridi, ndiyo yenyewe. Ikitoka rangi ya chungwa au kahawia, ni wingu limepigwa na taa za mji.

Mama Dagaa Gungu

Wanangu, mimi niko hapahapa Gungu. Wiki mbili hizi usiku nikitazama ng'ambo ya ziwa naona wekundu juu ya milima, na mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia hiyo ndiyo mianga yenyewe, imetufikia. Ni kweli? Na je, ina madhara? Maana nimesikia ni mionzi ya jua.

Mtoto wa Kibirizi

Shikamoo mama. Mwambie mdogo wangu amefanya vizuri kutazama juu, lakini hiyo si yenyewe. Ng'ambo yetu ni Kongo, na Kongo ni magharibi. Kaskazini yetu ni upande wa Burundi. Mwezi huu wa kiangazi milima ile inachomwa majani, na moto wa nyika usiku unaonekana mbali sana. Mwambie autazame kwa nusu saa: wekundu wa moto unang'ang'ania mgongo wa mlima, unatambaa kufuata mteremko, chini ni mkali kuliko juu. Na kukipambazuka ataona moshi palepale. Mvua zikikaribia ataona pia mimweko isiyo na sauti upande uleule. Hizo ni radi za Kongo, ziko mbali mno ngurumo yake haitufikii.

Kuhusu madhara, ondoa wasiwasi, mama. Kinachotokea kiko zaidi ya kilomita 80 juu ya vichwa, na hewa iliyo kati yetu na huko inatukinga. Waliozaliwa na kuzeeka chini ya mianga hiyo kule Norwe hawadhuriki kwa kuitazama. Kinachoumia ni mitambo. Mwezi Machi 1989 dhoruba ya aina hii ilizima umeme jimbo zima la Quebec, Kanada, kwa saa 9 hivi, watu milioni 6 wakakaa gizani.

Mama Dagaa Gungu

Marahaba mwanangu. Nimemwambia. Amebisha kidogo, sasa yuko nje anatazama.

Mzee wa Kwihara

Vijana, nimefuatilia kutoka Tabora. Hapo kwenye mitambo kuna jambo nimekaa nalo miaka mingi. Zamani tulikuwa tunasikiliza idhaa za nje kwa mawimbi mafupi. Kuna mchana, redio inasema vizuri, mara kimya. Hakuna mikwaruzo, hakuna kituo cha jirani, kimya cha kaburi popote unapopeleka sindano. Baada ya nusu saa au zaidi inarudi taratibu, kwa mbali, halafu inakaa sawa. Nilimpelekea fundi mara mbili, akaifungua, akasema redio haina tatizo. Je, inaweza kuwa ni haya mnayoyasema?

Mtoto wa Kibirizi

Shikamoo mzee wangu. Dalili ulizotaja, kwamba ni mchana, ni mawimbi mafupi, ni vituo vyote kwa pamoja, na kurudi ni taratibu, ndizo dalili za mlipuko wa jua. Jua likilipuka linatoa eksirei zinazofika hapa kwa dakika 8 tu, sawa na mwanga wenyewe. Mawimbi mafupi husafiri kwa kudunda kwenye tabaka la juu la hewa lenye umeme. Zile eksirei zinanenepesha tabaka la chini yake, mawimbi yakipita hapo yanamezwa. Inatokea upande wa dunia wenye mchana pekee, ndiyo maana usiku haikukupata. Fundi wako alisema kweli.

Na kuna uhusiano na uzi huu: mlipuko kama huo mara nyingi huambatana na wingu la chembe. Kama lilirushwa kuelekea kwetu, siku moja hadi tatu baada ya redio yako kunyamaza huko Kwihara, kuna mtu Ulaya aliiona mianga. Wewe ulipata habari kabla yake.

Mzee wa Kwihara

Marahaba. Umenipa kitu. Ile redio bado ninayo.

Safari ya Septemba

Kaka, mimi ni mmoja wa hao wanaofunga mabegi. Naenda Gdańsk, Poland, naondoka katikati ya Septemba. Nimezaliwa Kasulu, sijawahi kuvuka mpaka. Nina maswali matatu. Kwanza, nikifika Septemba nitakuwa nimechelewa? Nasikia kilele cha jua kilikuwa 2024. Pili, sisi tuko kusini ya ikweta, kwa nini hatuoni ya kusini? Tatu, naomba utusimulie ile ya Mei 2024, maana ndiyo kila mtu anaizungumzia na wewe umeiruka.

Mtoto wa Kibirizi

Hongera sana, mdogo wangu. Gdańsk ni pazuri: iko nyuzi 54 kama Rostock, na ni bahari ileile ya Baltiki.

Hujachelewa. Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi, huu wa sasa ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA walitangaza kwamba limeingia kipindi cha kilele, yaani cha misukosuko mingi. Lakini kilele si ukuta, kwamba ukikipita mambo yamekwisha. Dhoruba kubwa za Oktoba 2003 zilikuja miaka kama miwili baada ya kilele cha mzunguko ule. Tena unafika wakati mzuri. Karibu na siku za mlingano wa usiku na mchana, mwishoni mwa Septemba na Machi, dhoruba hutokea mara nyingi zaidi, kwa namna sumaku ya dunia inavyokaa mbele ya upepo wa jua. Juni na Julai usihangaike, kule usiku hauingii giza kamili. Na angalia mwezi kama wavuvi wetu wanavyouangalia: mbalamwezi ikiwa kali, hawa hawaendi kuvua dagaa na wewe usitegemee kuona kijivu hafifu.

Ya kusini ipo, na inatokea pamoja na ya kaskazini. Wanaiona Tasmania na kusini ya New Zealand. Mei 2024 ilipigwa picha hata Namibia na Afrika Kusini. Sisi tuko nyuzi 5 tu kutoka ikweta, mbali na ncha zote mbili. Kilichonishangaza nilipokuwa nasoma habari hizi ni kwamba Mei 1921 watu waliiona kutoka Apia, Samoa, ambako ni nyuzi 13 hadi 14 tu kusini. Hiyo ilikuwa dhoruba ya ajabu. Kuna na nyingine, ya Septemba 1859, ilionekana hadi visiwa vya Karibiani, na waya za telegrafu zikatoa cheche.

Usilinganishe nyuzi kwenye ramani peke yake. Ncha ya sumaku haikukaa juu ya ncha ya dunia, imeinamia upande wa Amerika Kaskazini. Roma na Chicago zote ziko nyuzi 42, lakini wa Chicago anaona mara nyingi kuliko wa Roma. Ulaya tunapunjwa kidogo.

Sasa Mei. Nilikuwa naiogopa kuiandika kwa sababu sijui kama nitaitendea haki.

Tarehe 10 Mei 2024, Ijumaa. Kundi moja kubwa la madoa ya jua, zile sehemu nyeusi usoni mwake, lilikuwa limerusha mawingu kadhaa kwa siku zilizotangulia, la nyuma likienda mbio kuliko la mbele, yakafika yamefuatana. Kp ilifika 9. G5, ya kwanza tangu Oktoba 2003. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku mbili, mwanga wake haukuweza kusumbua. Giza la Mei kule linachelewa, mpaka saa 5 usiku mbingu ndiyo inaanza kuwa nyeusi. Nilifika Warnemünde nikatazama kaskazini kama nilivyozoea, chini, juu ya maji.

Hakukuwa na kitu cha maana. Nikamsikia mzee mmoja nyuma yangu anasema "juu, juu". Nikainua shingo. Mianga haikuwa kaskazini. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu, na nyingine imetupita imekwenda kusini, juu ya mji. Kulikuwa na sehemu moja, kusini kidogo ya utosi, ambapo miale yote ilikutana, kama umelala chini ya mwavuli ukatazama njiti zake kutoka ndani. Na wekundu niliuona kwa macho haya. Waridi, na nyekundu kama sharubati ya damu ya mzee, na upande mmoja kijani kibichi. Ilikuwa inapumua: inafifia mpaka unadhani imekwisha, halafu inapiga tena kutoka katikati.

Ufukwe ulijaa watu na hakuna aliyepaza sauti. Watoto walikuwa wamelala chali mchangani na nguo zao za kulalia chini ya makoti.

Nikampigia mama video. Kwetu Kibirizi ilikuwa saa 7 usiku, alikuwa macho, anasubiri mitumbwi ya alfajiri, zilibaki siku tano uvuvi ziwani usimamishwe kwa miezi mitatu na kila mtu alikuwa anahangaikia mzigo wa mwisho. Nikageuza simu juu. Kwa video haikamati kitu. Akasema, "Mwanangu, naona giza, na nasikia unahema." Nikajaribu kumwelezea, nikashindwa, nikamuuliza yeye anaona nini. Akatoka nje. Akasema, "Naona taa za wavuvi. Leo ni nyingi." Tukakaa hivyo kwenye simu mpaka salio likaisha, yeye anatazama zake na mimi natazama zangu.

Binti Ujiji

Kaka, nimelia. Subhanallah.

Safari ya Septemba

Ahsante, kaka. Nimenakili uzi wote kwenye daftari. La mwisho: kuna zoezi lolote naweza kufanya hapahapa kabla sijaondoka? Naogopa kufika huko nikawa sijui hata kutazama.

Mtoto wa Kibirizi

Lipo, na ni zuri kuliko lolote nililofanyiwa huko. Tafuta mwanga wa zodiaki. Ni vumbi lililozunguka jua, linamulikwa. Msimu huu kwetu linaonekana magharibi, saa moja na robo hivi baada ya jua kuzama, wakati wekundu wote wa machweo umekwisha: pembe ya kijivu, pana chini na nyembamba juu, imesimama juu ya milima ya Kongo. Ni hafifu, haina rangi, na haina kingo. Mtu asiyejua atasema ni mabaki ya machweo. Macho yako yakiweza kulitenga hilo na giza linalolizunguka, upinde wa kijivu wa Baltiki hautakupita.

Usichanganye na Njia ya Maziwa, hiyo mwezi huu iko juu kabisa na ni kali zaidi. Na usitazamie mjini. Taa za bandari na stesheni zinatosha kuliua.

Mvuvi Katonga

Mdogo wangu, ukishuka kutoka Kasulu kuja kupanda treni, fika siku mbili mapema. Njoo Katonga. Kuna miamba upande wa nje ambako taa za mji hazifiki, na magharibi iko wazi yote. Lazima iwe wiki ya giza, kabla mwezi haujaandama au siku tatu za mwanzo. Nitakukalisha mbele ya mtumbwi uipe taa mgongo.

Safari ya Septemba

Nitakuja, mkuu. Nije na nini?

Mvuvi Katonga

Sweta. Upepo wa ziwa ukianza saa 2 usiku hauna huruma. Na simu yako utampa mwenzako aishike.

Mama Dagaa Gungu

Mkienda, mpitieni na huyu wangu wa kidato cha tatu. Bado yuko nje.